Barua Niliyomjibia Dokta Eda

Zawadi, binti wa kaka yangu, ndiye anayeshika funguo za steshenari sasa, na ndiye aliyenitia kwenye shughuli hii ya kuandika. "Shangazi, tuandikie ulivyofanya kazi," aliniambia. "Sisi na wenzetu wa maduka ya pale stendi tutakuwa tunasoma mashine zikilala." Umeme wa Makambako unavyokatika, mashine zinalala sana, kwa hiyo nikaona wasomaji ninao. Nilianza na kurasa kumi za kujisifu. Nilipozihesabu mara ya pili nikaona za kweli ni mbili, na hizo mbili nazo hazikuwa na faida kwenu. Nikachana zote. Mnachosoma ndicho kilichobaki, na sehemu kubwa yake ni aibu.

Nilianzia Njombe mjini, kwenye chumba kimoja karibu na soko, chenye taipureta mbili na dirisha lisilofunga. Mwenye chumba aliitwa Bibi Anzelma. Alijifunza kuchapa kwa masista wa misheni, akatoka huko na vitu viwili, vidole vyepesi na ulimi wa kisu. Siku yangu ya kwanza ilikuwa mwezi wa saba, na anayeijua Njombe ya mwezi wa saba haniulizi kwa nini tulikuwa tunashika vikombe vya chai kabla ya kushika kazi. Bibi Anzelma alinipa karatasi tupu akaniambia nichape jina langu mara hamsini bila kosa. Nikauliza kwa nini jina langu, si la mteja.

"Asiyeweza kulitunza jina lake ataharibu la mwenzake," akasema, akaendelea na kazi yake.

Nilifika arobaini na sita ndipo nikakosea. Nikaanza upya.

Kanuni yake ilikuwa moja, nami nawaachia kama alivyoniachia. Barua isomwe mara mbili. Mara ya kwanza unasoma kimya, unatafuta makosa. Mara ya pili unasoma kwa sauti, mwenye barua akiwa amekaa mbele yako, unamtazama usoni. Akikunja uso, chana.

Wiki chache baadaye akaja mzee mmoja kutoka Wanging'ombe, jirani yake kamsogezea mpaka wa shamba. Alitaka barua ya kupeleka ofisini, kwamba arudishiwe hatua zake sita. Mimi nimelelewa sokoni, mama yangu aliuza viazi na njegere, na nilijua tangu sina meno kwamba anayetaka sita anaomba kumi. Nikaandika kumi. Nilipomsomea, mzee akakunja uso.

"Binti, nimesema sita."

"Baba, ukiomba kumi ndiyo watakupa sita."

"Na wakinipa kumi? Hizo nne nitampelekea nani?"

Bibi Anzelma aliinuka, akaivuta karatasi kwenye mashine bila hata kulegeza rola, akaichana vipande viwili, kisha vinne. Mzee alipoondoka na barua yake ya hatua sita, bibi akaniambia, "Una akili ya sokoni, mwanangu. Siku moja utauza cha mtu ukidhani ni chako." Nilicheka. Nilikuwa kijana, na mtu mzima akikutabiria jambo unadhani anajaza muda.

Nilihamia Makambako nilipoona kwamba barua zinafuata watu, na watu wanafuata njia panda. Pale kila mtu anapita: wa Songea, wa Mbeya, wa Iringa, na wa treni ya Zambia ambao hawajui watafika lini. Wauza mahindi wanataka risiti, wenye mbao wanataka vibali vitolewe kopi, madereva wa malori wanataka kila kitu sasa hivi. Mashine yangu ya kwanza ya kopi niliipata kwa kumwacha muuzaji mara tatu. Mara ya tatu alinifuata hadi mlangoni mwa basi, akakubali bei yangu nikiwa na mguu mmoja ndani. Kwa miaka mingi nilisimulia habari hiyo kwa kila msaidizi mpya. Somo lenyewe lilikuwa kwamba mwenye haraka ndiye anayeumia, na kwamba mtu akiondoka anataka umwite. Mlishike hilo hapo, nitalirudia.

Kuhusu vifaa nina neno moja tu. Futeni kioo cha skana kila asubuhi. Kuna kizazi kizima cha Makambako ambacho nakala zao za vyeti vya kuzaliwa zina doa upande wa kushoto juu, karibu na jina la baba. Doa hilo ni langu. Ofisi fulani ilifikia kuliona kama alama ya usalama.

Kisha ikaja intaneti, na barua pepe. Wateja wengi hawakuwa nazo, nikawa nawafungulia, na nywila zao naziandika kwenye daftari la kaunta. Asilimia kubwa ya nywila hizo zilikuwa neno moja, nililichagua mimi. Mtu anaondoka kwenda kijijini, mimi nabaki namwangalizia majibu, kama jirani aliyeachiwa ufunguo alishe kuku. Hakuna aliyelalamika. Nilijiona mtu mwema, na pengine siku nyingi nilikuwa mwema. Lakini ukikaa sana na ufunguo wa nyumba ya mtu, unafika siku ya kusogeza makochi.

Sasa nimfikie Eda.

Eda ni Mkinga wa Bulongwa, kule Makete. Alikuwa amerudi na shahada ya uzamivu, amesomea ugonjwa wa viazi mviringo, ule unaobabua majani ukungu ukikaa siku tatu mfululizo. Alikuwa akifundisha kwa vipindi kwenye chuo kimoja Njombe na kulala kwa kaka yake Makambako. Alikuja dukani na viatu vyenye udongo na vyeti vilivyofungwa kwenye mfuko wa unga, akaniambia anatafuta nafasi ya utafiti ya baada ya uzamivu.

"Baada ya uzamivu kuna nini tena?" nikamuuliza. "Mtu amezamia, si aibuke apumzike?"

"Ukiibuka peke yako unazama tena, Mama Tumaini. Lazima upate maabara ya kukushika."

Alinifundisha kazi hiyo, nami nawapa kama nilivyoipokea, maana watakuja wengine. Nafasi hizi hazitafutwi kama ajira za halmashauri. Huanzi na chuo, unaanza na mtu: mtafiti anayefanya kazi inayofanana na yako. Unasoma alichoandika, halafu unamwandikia kabla nafasi haijatangazwa. Andiko la unachotaka kutafiti liwe kurasa mbili, na likifika tatu wanaacha kusoma kwenye ya pili. Saa ya mwisho ya kutuma ni saa ya kwao, si ya kwetu. Na wengi wanaweka sharti kwamba uwe umehitimu si zaidi ya miaka mitano iliyopita. Eda alikuwa amebakiza miezi michache tu kwenye hiyo mitano. Hilo alinieleza mapema, kwa hiyo siwezi kusema sikujua.

Tuligombana kidogo kuhusu barua za maprofesa wake. Desturi yetu pale stendi mnaijua: mteja akitaka barua ya mtu wa kumthibitisha, tunaiandika sisi, mkubwa anasaini bila kusoma. Nikajitolea kumwandikia profesa wake moja nzito.

"Hapana, Mama. Profesa anatuma mwenyewe, moja kwa moja. Mimi sitakiwi hata kuiona."

"Sasa utajuaje kama kakusifu?"

"Ndiyo maana yake. Nisijue."

Nilimwonea huruma kwa ushamba wake.

Tulituma maombi kumi na nne. Nilipohesabu mara ya pili yakawa kumi na matatu, moja tulilituma mara mbili kwa watu walewale kwa anwani tofauti. Majibu yalikuwa yanarudi ya heshima na mafupi. Eda alikuwa anayasoma, anasema "Haya," anaagiza chai.

Halafu mama yake akaanguka, naye akapanda Bulongwa kumuuguza. Simu yake kubwa ilikuwa imetumbukia kwenye ndoo ya maji, akabaki na kitochi cha kupiga na kupokea tu, na huko kijijini kwao mtandao unaufuata kilimani. Aliniandikia nywila yake mwenyewe kwenye daftari. Akaniambia hivi, na maneno yake nayakumbuka bila kupunguza wala kuongeza: "Likija jibu lolote, nipigie. Usiponipata, waambie tu nipo njiani, nitawajibu mwenyewe."

Jibu likaja siku ya Jumatatu. Ilikuwa ile nafasi aliyoitaka kuliko zote, maabara ya viazi, nje ya nchi. Walikuwa wamemchagua. Miaka miwili, aanze baada ya wiki tano, athibitishe ndani ya siku saba.

Nilipiga kelele hadi muuza maandazi akaja kuangalia. Nikampigia Eda, hapatikani. Jumanne hapatikani. Nikapiga mara nane kwa hesabu ya kwanza, mara tisa kwa ya pili. Jumatano asubuhi nikakaa mbele ya mashine nikaisoma tena ile barua, na akili ya sokoni ikaamka.

Miaka miwili? Nikajisemea, hiyo ni bei ya kwanza. Wiki tano, na mama mgonjwa? Watu hawa wanaona msichana wa kutoka mbali, wanadhani atapokea chochote. Anayekubali bei ya kwanza anaonyesha shida yake. Nikaandika, kwa Kiingereza changu cha barua za zabuni, kwamba ameipokea nafasi kwa furaha ila masharti hayajakaa sawa: anaomba miaka mitatu, aanze baada ya miezi minne, apatiwe nyumba karibu na maabara, na safari ya kumwona mama yake kila mwaka. Sikutaka yote hayo. Nilitaka tufike katikati. Nikaweka jina lake chini. Nikaisoma kimya, sikuona kosa. Mwenyewe wa kukunja uso hakuwepo. Nikatuma, nikatoa kopi ya faili kama kawaida yangu, nikanywa chai na maandazi mawili. Nilikuwa na furaha, na hiyo ndiyo inaniumiza zaidi nikikumbuka.

Ijumaa wakajibu. Walishukuru kwa uwazi wake. Fedha za mradi zina tarehe, haziwezi kusogezwa. Wanaelewa kwamba masharti hayamfai, kwa hiyo wamempa nafasi aliyefuata kwenye orodha, wanamtakia heri.

Nilisoma mara mbili. Kisha nikawafuata mbio, kama anayemkimbilia muuzaji aliyekwisha panda lori. Nikaandika kwamba anakubali, miaka miwili, wiki tano, hata kesho. Ndipo nilipojua kwamba kuna watu ukiondoka hawakuiti, na ukirudi wamefunga. Jibu halikuja.

Jambo moja linaniamsha hadi leo. Basi la Makete linapita mbele ya duka langu kila asubuhi. Konda wake alikuwa mteja wangu. Ningempa kikaratasi Jumatatu au Jumanne, jioni kingekuwa mkononi mwa Eda. Nimewatuma makonda dawa, vifaranga, hata meno ya bandia ya mchungaji. Kikaratasi kimoja sikukumbuka, kwa sababu nilishaanza kuona ile nafasi kama yangu.

Eda alishuka Jumatano iliyofuata. Mama yake alikuwa ameanza kukaa mwenyewe. Aliingia akitabasamu, ananuka moshi wa jikoni.

"Kuna jibu, Mama?"

"Wamesema wamempata mwingine."

Kila neno hapo ni kweli. Nimeuza vitu vingi maishani, lakini sijawahi kuuza uongo uliofungwa vizuri namna ile. Barua zenyewe, za kwao na zangu, nilikuwa nimeshazifuta kwenye barua pepe yake. Akashika kaunta.

"Haya," akasema. "Basi ile mitano nayo imekwisha."

Akaagiza kopi za mtihani wa wanafunzi wake. Nilikataa hela, akaziweka kwenye kaunta akaondoka.

Miaka minne ikapita. Chuo kilimwajiri moja kwa moja, akahamia Njombe, akawa Dokta Eda kwa kila mtu. Akipita Makambako lazima aingie kunisalimia, na kila akiingia mimi ndiye ninayekuwa na haraka, mara wino umekwisha, mara kuna mteja. Zawadi aliwahi kuniuliza, "Shangazi, unamdai yule dada?" Nikamwambia anyamaze afute kioo.

Mwaka huu, wakati wa kukabidhi duka, niliamua lile daftari la nywila lisirithiwe. Tuliwapigia wateja mmoja mmoja wabadilishe, kisha tukaliunguza kwenye jiko la mkaa, na ninyi wengine mnaosoma hapa fanyeni vivyo hivyo leo. Tukahesabu mafaili. Kwa hesabu ya Zawadi yalikuwa thelathini na moja. Nikahesabu tena, thelathini na mbili. Moja lilikuwa limesukumwa nyuma ya mashine ya kopi, na aliyelisukuma ni mimi. Ndani yake ile kopi ya barua niliyomjibia Eda.

Kesho yake nikapanda basi la Njombe. Njiani nilipanga maneno manne ya kujitetea: kwamba nilimtakia mema, kwamba mama yake alihitaji mtu karibu, kwamba wanafunzi wake wanampenda, kwamba viazi vya hapa navyo vinaugua. Basi likapanda kwenye baridi ya Njombe, na nilipofika nilikuta hakuna hata moja linalosimama.

Nilimkuta kwenye stoo ya mbegu nyuma ya chuo, amekaa kwenye kigoda, anachambua viazi.

"Kamwene, Mama Tumaini! Leo umetukumbuka? Si wamesema umestaafu?"

"Kamwene, Dokta. Nimestaafu, lakini kuna barua moja sikuimaliza. Nimekuja kukusomea."

"Lete nisome."

"Hapana. Hii ilitakiwa isomwe kwa sauti, wewe umekaa. Imechelewa miaka minne."

Nikasoma. Kiingereza changu kile kile. Nilipofika kwenye miezi minne, mkono wake uliacha kuchambua. Nilipofika kwenye nyumba karibu na maabara, akaweka kiazi chini.

"Nani kaandika?"

"Mimi."

"Hilo jina hapo chini?"

"Lako."

Nje wanafunzi walikuwa wanamwagilia, mmoja anamtania mwenzake kwamba anamwagilia viatu.

"Nyumba ya nini, Mama?"

"Nilitaka tufike katikati."

"Katikati ya wapi?"

Akanyoosha kidole kwenye karatasi. "Hapo chini kuna maandishi mengine."

Nilikuwa nimesahau. Mashine ukichapa jibu inachapa na barua inayojibiwa. Nikasoma na hiyo: kwamba wanayo furaha kumfahamisha Dokta Eda kwamba jopo limemchagua yeye, na kwamba andiko lake ndilo lililowavutia kuliko yote.

"Rudia."

Nikarudia. Niliposhusha karatasi nikaona macho yake yamejaa, lakini hakuyafuta.

"Kila muhula," akasema, "nawaambia wanafunzi wangu, mimi niliomba mara kumi na tatu na hakuna hata mmoja aliyenitaka, na bado nipo. Nawaambia ili wasikate tamaa. Kumbe nawadanganya."

"Aliyedanganya ni mimi, Dokta."

"Wewe umedanganya mara moja. Mimi nimerudia mpaka nikaamini."

Nilidhani nilimnyang'anya kazi ya miaka miwili. Ndiyo hesabu niliyokuwa naibeba muda wote, na kwangu ilikuwa nzito ya kutosha. Pale kwenye stoo nikaona nilihesabu mara moja tu; kujua kwamba alitakiwa nako nilimnyang'anya, na sikukuhesabu.

Akachukua karatasi, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni mwa koti lake. Akarudi kwenye viazi. Nikasimama nimwage asante na pole na kila kilicho kinywani, akanikatisha.

"Kuna msichana ninayemwongoza, anamaliza uzamivu mwakani. Ataanza kutafuta nafasi kama ile. Nitamtuma dukani kwako."

"Nimestaafu, Dokta."

"Ndiyo maana namtuma sasa, wakati huna tena cha kuuza."

Kuhusu kunisamehe hakusema neno. Mimi katika maisha yangu sijatoka mahali bila kuomba nipunguziwe, hata kanisani. Siku hiyo niliaga, nikafunga mlango wa stoo taratibu, nikatafuta basi. Sikuomba.